Mchango: safari ya mnyoo na ulinzi wa mwili

Katika karne ya 19, majahazi ya Sur yaliwachukua watu wa Ibra na Nizwa kutoka nchi kavu hadi mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba. Huko waliukuta udongo wenye unyevu na kivuli, ambamo mayai ya mchango huweza kuishi miaka kadhaa.

Mwaka 1916, daktari Mwingereza Francis Stewart alionyesha, kwa kutumia panya, kwamba mabuu ya mnyoo huyo hutoka utumboni, hupita kwenye ini na kufika mapafuni. Mwaka 1922, Mjapani Shimesu Koino alimeza mwenyewe mayai 2,000. Mabuu yakaonekana katika makohozi yake.

Jinsi mwili unavyojitetea imefahamika zaidi kwa kumchunguza nguruwe, mnyama aliye haramu kwa Waislamu, lakini ambaye viungo vyake vinakaribiana na vya binadamu. Chembe nyeupe za damu huyazingira mabuu ndani ya ini na kuacha madoa meupe kama maziwa. Mengi yanayorudi utumboni hufukuzwa kabla ya wiki ya tatu kwisha. Machache husalia, hukua na kutaga.

Kinga hiyo, basi, haikamiliki. Vidonge wanavyopewa wanafunzi wa Pemba, ambako maabara ya utafiti ilifunguliwa Chake Chake mwaka 2000, huwaua minyoo waliopo tu. Mayai yaliyomo udongoni hubaki yakisubiri, mpaka vyoo na maji safi viifunge njia yao.