Mizani ya Maneno: Kuandika Maisha ya Pramukh Swami kwa Kiswahili

Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya dini, ila hazina hiyo haikujazwa kutoka kila upande kwa kipimo kimoja. Nabii, mtume na msikiti tumeyapata kwa njia ya Uislamu. Padri, misa na sakramenti yamekuja na Ukristo. Mwandishi anayetaka kusimulia kwa haki maisha ya mwalimu wa Kihindu huanza kazi na mizani iliyokwisha kuinama. Hata jina la dini yenyewe hutuponyoka: twasema "Mhindi" tukimaanisha "Mhindu", ilhali Waismailia wengi wa Afrika Mashariki wana asili ya India na ni Waislamu.

Nachukua mfano wa Pramukh Swami Maharaj, ambaye historia yake inafika hadi kwetu. Alizaliwa tarehe 7 Desemba 1921 katika kijiji cha Chansad, Gujarat, akaitwa Shantilal. Mwaka 1940 aliingizwa katika utawa kwa jina la Narayanswarupdas. Mwaka 1950, akiwa na umri wa miaka 28, aliteuliwa kuwa rais wa BAPS, jumuiya ya Kihindu inayofuata mafundisho ya Swaminarayan (1781–1830). Neno "pramukh" maana yake ni rais. Cheo kikawa jina. Mwalimu wake, Yogiji Maharaj, alizuru Afrika Mashariki mwaka 1955. Alipofariki mwaka 1971, Pramukh Swami akawa guru wa jumuiya hiyo. Agosti 1999 aliongoza ibada ya kufungua hekalu la mawe na mbao zilizochongwa jijini Nairobi. Alifariki Sarangpur, Gujarat, tarehe 13 Agosti 2016.

Hadi hapo hakuna ugomvi. Ugumu unaanza tunapoeleza kwa nini aliheshimiwa hivyo. Wafuasi wake wanaamini kwamba Mungu alikuwa ndani yake daima, na kwamba kwa kushikamana na guru wa namna hiyo mtu huipata moksha, yaani kufunguliwa katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Nikiandika "alikuwa mlango wa moksha", nimehubiri. Nikiandika "inadaiwa", nimemtia shaka msomaji kabla hajasikia habari. Nikiandika "inasemekana", nimemficha msemaji. "Wafuasi wake wanaamini" ni maneno ya kawaida tu, lakini yanamtaja mwenye imani na kuiacha imani mikononi mwake.

Nomino nazo zina mizigo yake. "Mtakatifu" huleta picha ya mtu aliyetangazwa na Kanisa. "Nabii" hudai ujumbe uliotumwa. Zito kuliko yote ni "sanamu", kwa kuwa masikioni mwa Mswahili, awe Mwislamu au Mkristo, "kuabudu sanamu" ni jina la dhambi. Mhindu huiita murti, na kwake Mungu yumo humo baada ya ibada maalumu. Mwandishi akisema "waliabudu sanamu", hukumu imetoka kabla ya ushahidi. Mimi huandika murti na kuieleza mara moja.

Kutoegemea upande si kusifu tu. Watawa wa jumuiya hiyo, na Pramukh Swami mwenyewe, hujiepusha na mazungumzo na ukaribu wa wanawake. Wao huona hilo ni sehemu ya nadhiri ya useja. Wakosoaji huona kwamba wanawake wanatengwa. Makala inayoficha neno la wakosoaji ni kasida, na inayoficha neno la watawa ni mashtaka. Vyote viwili vina mahali pake, ila si katika historia.

Huku Kingerikiti tuna kipimo cha kujijaribia. Ukiteremka hadi Liuli, mwambao wa Ziwa Nyasa, utakuta mahali alipozikwa William Percival Johnson, mmisionari wa Kianglikana aliyefariki mwaka 1928 baada ya kufanya kazi pande za ziwa hili kwa zaidi ya miaka arobaini. Wapo wanaomkumbuka kama mtu wa Mungu. Mwandishi wa Gujarat akiandika kwamba "inadaiwa" Johnson aliwafundisha watu kusali, tutasema ametudharau. Akiandika sifa tupu, asitaje kwamba wamisionari walikuja katika zama za ukoloni, tutasema hakuandika historia.

Basi, malenga na wapenzi wa lugha, kabla ya kuitoa sentensi kuhusu Pramukh Swami, weka ndani yake jina la Johnson, au la shehe au padri umpendaye. Ikikuchoma, ibadilishe. Ikiwa ni tamu kupita kiasi, ipunguze. Kiswahili kimewapokea wageni wengi tangu zamani. Hakitashindwa kumsimulia huyu kwa haki, mradi sisi tunaokiandika tushike mizani moja kwa wote.