Nani Anafaa, Nani Atapita

Usiku wa tarehe 3 Januari 2008, wafuasi wapatao 239,000 wa chama cha Democratic katika jimbo la Iowa, Marekani, walitoka kwenye baridi kali wakaingia katika kumbi za shule, makanisa na maktaba za mitaa yao. Hawakupewa karatasi ya kura. Walisimama. Waliomtaka Barack Obama walikwenda pembe moja ya ukumbi, wa Hillary Clinton pembe nyingine, wa John Edwards pengine, na kila kundi likahesabiwa mbele ya macho ya wote. Kundi lililokosa asilimia 15 ya waliohudhuria, kiwango cha vituo vingi, lilivunjika. Ndipo ubishi wenyewe ulipoanza: majirani wakawafuata wale waliobaki bila mgombea, wakawasihi, wakawaeleza sera ya bima ya afya na vita vya Iraq, kila mmoja akivutia upande wake.

Miaka saba baadaye, Julai 2015, macho ya Watanzania yalikuwa Dodoma. Makada 42 wa Chama Cha Mapinduzi (CCM) walikuwa wamechukua fomu za kuomba kuteuliwa kuwania urais, na 38 wakazirudisha. Walikuwa wamezunguka mikoa 15, Bara na Visiwani, kutafuta wadhamini. Kisha mchujo ukaingia ndani. Kamati Kuu ikabakiza majina matano: John Magufuli, Asha-Rose Migiro, Amina Salum Ali, Bernard Membe na January Makamba. Halmashauri Kuu ikapunguza hadi matatu. Mkutano Mkuu ukampa Magufuli kura 2,104, sawa na asilimia 87. Edward Lowassa, aliyekuwa na wafuasi wengi kuliko mtia nia mwingine yeyote kwa jinsi umati ulivyomfuata mikoani, hakufika hata kwenye tano bora.

Katika nchi zote mbili watu walibishana kwa miezi kabla ya siku hizo, na kwa juhudi ile ile. Tofauti imo katika swali walilobishania. Mtanzania wa kijiweni, hata mwenye kadi ya chama, aliuliza: nani atapita? Mwanachama wa Iowa aliuliza: nimpitishe nani? La kwanza ni swali la mtabiri, la pili ni la mwamuzi. Hata hivyo, ukiwasikiliza kwa makini watu wa Iowa, utagundua kwamba nao hutabiri sana.

Haki ya kuamua haikuwa ya Mmarekani wa kawaida tangu mwanzo. Kwa sehemu kubwa ya historia yao, wagombea urais walipatikana kwa mapatano ya vigogo wa vyama katika mikutano mikuu, na kura za mchujo za majimbo, zilizoanza kuenea mwanzoni mwa karne ya 20, zilikuwa ushauri tu. Mwaka 1968 Hubert Humphrey aliteuliwa na Democratic huko Chicago bila kushindana katika mchujo wa jimbo lolote, huku polisi wakiwapiga waandamanaji mitaani. Aibu ile ndiyo iliyozaa tume ya chama hicho ya McGovern na Fraser, na kanuni zake mpya zikaanza kutumika mwaka 1972. Kwa hiyo mfumo ambao leo unaonekana kama desturi ya kale ya Marekani una umri mdogo kuliko Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Nalisema hili kwa sababu tunapoulinganisha na wetu huwa tunawapa Wamarekani ukongwe ambao hawana, kisha tunajihukumu kama wanafunzi waliochelewa darasani.

Utaratibu wa Dodoma nao una hoja yake, na hoja hiyo ni nzito. Umetoka katika fikra kwamba uongozi ni dhamana, na kwamba anayeukimbilia sana anapaswa kutiliwa shaka. Mwaka 1995, Mwalimu Nyerere hakuacha uteuzi uwe mashindano ya umaarufu tu; kwenye sherehe za Mei Mosi mjini Mbeya alieleza sifa za rais anayehitajika, na mjadala mzima wa mwaka ule ukapimwa kwa vigezo hivyo: rushwa, udini, ukabila, Muungano. Kwa mantiki hiyo hiyo, Februari 2014 CCM iliwafungia makada sita kwa miezi 12, Lowassa na Membe wakiwemo, kwa kosa la kuanza kampeni mapema. Obama alitangaza nia yake Springfield, Illinois, Februari 2007, karibu miezi 21 kabla ya uchaguzi, na hakuna aliyeona ajabu. Jambo ambalo Marekani ni wajibu wa mtia nia, Tanzania lilikuwa kosa la nidhamu.

Ipi ni bora? Marekani imelipa gharama kubwa kwa uwazi wake. Mtia nia hutumia muda mwingi akichangisha fedha, na asiyezipata hujitoa kabla hata jimbo moja halijapiga kura. Waliotunga kanuni za Dodoma waliliona hilo na kulihofia kwa haki. Lakini kunyamazisha kampeni hakunyamazishi maneno. Mwaka 2005 Salim Ahmed Salim, mtu aliyekuwa Waziri Mkuu na Katibu Mkuu wa OAU, alipoomba kuteuliwa na CCM aliandamwa na minong’ono kuhusu asili yake na siasa za Zanzibar za kabla ya Mapinduzi. Obama naye aliandamwa na uvumi kuhusu dini yake, na mwezi Machi 2008 na kelele juu ya mahubiri ya mchungaji wake, Jeremiah Wright. Yeye alisimama Philadelphia akatoa hotuba ndefu kuhusu rangi na taifa lake, wapiga kura wakasikia, wakapima. Salim hakuwa na jukwaa la aina hiyo mbele ya wanachama wote. Katika mkutano mkuu alipata kura 476, Jakaya Kikwete 1,072. Huenda angeshindwa hata kwa utaratibu wa wazi, maana Kikwete alipendwa kweli. Lakini tuhuma inayotembea kwa siri inahitaji jibu la hadharani, na utaratibu wa kimya humnyima mtuhumiwa nafasi hiyo.

Nirudi kwenye kule kusimama kwa Iowa, kwa sababu Afrika Mashariki tuna kumbukumbu yake, na ni chungu. Mapema mwaka 1988 wanachama wa KANU nchini Kenya waliteua wagombea ubunge kwa kupanga foleni nyuma ya wagombea au picha zao. Ndiyo mlolongo. Aliyezidi asilimia 70 alihesabiwa ameshachaguliwa, bila kura ya siri kupigwa. Viongozi wa makanisa, akiwemo Askofu Alexander Muge wa Eldoret, waliupinga utaratibu huo wazi. Wakenya wengi waliona foleni fupi ikitangazwa kuwa ndefu, na hapakuwa na karatasi za kuhesabu upya. Ilipofika 1990, malalamiko yaliyotolewa mbele ya kamati ya chama iliyoongozwa na George Saitoti yaliilazimu KANU kuuacha.

Kitendo ni kile kile: raia anasimama hadharani upande wa anayemtaka. Lakini Iowa msimamizi alikuwa jirani aliyejitolea, na aliyehesabiwa aliweza kuhesabu mwenyewe akapiga kelele idadi ikikosewa. Kenya ya 1988 aliyetangaza matokeo alikuwa afisa wa serikali, na serikali hiyo ilikuwa ya chama kimoja. Uwazi uliompa Mmarekani nafasi ya kumshawishi mwenzake ulimpa mkuu wa wilaya nafasi ya kujua nani hakusimama panapotakiwa. Wala Iowa haikuwa safi kabisa. Muuguzi wa zamu ya usiku hakuweza kufika saa moja jioni. Mfanyakazi aliyesimama pembe tofauti na mwajiri wake alionekana. Wafuasi wa Republican katika jimbo hilo hilo waliona hatari hiyo, wakatumia karatasi na kura ya siri. Mwaka 2016, pale Clinton na Bernie Sanders walipokaribiana kupita kiasi, vituo kadhaa viligawa mjumbe wa mwisho kwa kurusha sarafu. Mwaka 2020 programu ya simu ya kutuma matokeo ilifeli na taifa likangoja kwa siku kadhaa. Mwaka 2024 Democratic waliiondolea Iowa nafasi ya kwanza wakaipa South Carolina, na wanachama wa Iowa wakapiga kura zao kwa posta.

Sasa nije kwenye utabiri. Kabla ya Iowa, wapiga kura Weusi wengi wa South Carolina walikuwa hawajaamua au walielekea kwa Clinton, na mwanaharakati mkongwe John Lewis alikuwa upande wake. Walimpenda Obama, walichotilia shaka ni majirani zao Weupe. Iowa, jimbo lenye Weupe zaidi ya asilimia 90, lilipompa Obama ushindi, shaka ikapungua, na tarehe 26 Januari South Carolina ikampa asilimia 55. Mwaka 2020 hali ilijirudia kwa sura nyingine. Joe Biden alikuwa wa nne Iowa na wa tano New Hampshire. Tarehe 26 Februari mbunge James Clyburn, mzee anayeheshimiwa wa South Carolina, alitamka anamuunga mkono, na siku tatu baadaye Biden akashinda kwa mbali. Hoja iliyotawala vikao vya mwaka ule ilikuwa moja: nani anaweza kumshinda Donald Trump? Msomaji wa Kenya atakumbuka Oktoba 2002, Uhuru Park, Raila Odinga alipotamka kwamba Mwai Kibaki anatosha, na mabishano ya wapinzani juu ya nani asimame yakaisha papo hapo. Nchi mbili, njia tofauti, lakini neno la mtu mmoja mwenye wafuasi lilifanya kazi ambayo mijadala mingi haikuweza.

Basi Mmarekani naye hutabiri. Tofauti ni kwamba yeye hukisia mioyo ya wapiga kura wenzake, na Mtanzania hukisia mioyo ya walio juu yake. Argentina ilifikisha jambo hili ukingoni: kwa sheria ya 2009, vyama vyote vilitakiwa kufanya mchujo siku moja na kupiga kura kulikuwa lazima. Agosti 2023 Javier Milei hakuwa na mpinzani ndani ya kundi lake, lakini alipopata takriban asilimia 30 na kuongoza, mchujo uligeuka kuwa utafiti wa maoni wa nchi nzima. Mwaka 2025 bunge lao likausimamisha.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni jinsi walioshindwa wanavyobaki. Hapa Dodoma ina fahari yake. Mwaka 1995 Kikwete aliongoza duru ya kwanza, akashindwa na Benjamin Mkapa katika ya pili kwa kura 639 dhidi ya 686. Hakuhama. Akawa Waziri wa Mambo ya Nje kwa miaka kumi, kisha Rais. Clinton, aliyeshindwa na Obama mwaka 2008, naye akawa Waziri wa Mambo ya Nje, kisha mgombea wa chama mwaka 2016. Ufaransa ilipata kinyume chake: Januari 2017 Manuel Valls alishindwa na Benoît Hamon katika mchujo wa Wasoshalisti, na ingawa aliahidi kumuunga mkono mshindi, miezi miwili baadaye akasema atampigia Emmanuel Macron. Hamon aliambulia asilimia 6.

Kikwete wa 1995 alihesabiwa kura. Lowassa wa 2015 hakuhesabiwa, alikatwa. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walijitokeza mbele ya waandishi kujitenga na uamuzi ule. Katika ukumbi wa Halmashauri Kuu baadhi ya wajumbe waliimba kuonesha imani yao kwa Lowassa. Kabla Julai haijaisha Lowassa alikuwa katika chama cha upinzani cha Chadema, na Oktoba akapata karibu asilimia 40 ya kura za Watanzania. Chadema nao walimpokea bila mchujo wa wanachama, na Dk. Willibrod Slaa, aliyejenga chama hicho kwa miaka, akaondoka.

Siku hizi hata tofauti kati ya Iowa na Dodoma inafifia. Julai 2024 Biden alijitoa baada ya mchujo kwisha, na Kamala Harris akateuliwa kwa kura za wajumbe peke yao. Januari 2025 Mkutano Mkuu maalumu wa CCM ulimpitisha Rais Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea, na Nchimbi yule wa 2015 akawa mgombea mwenza, bila mtu mwingine kuchukua fomu ya urais. Harris alikuwa na udhuru wa siku chache zilizobaki. Dodoma ilikuwa na miezi tisa.

Sidai kwamba CCM, Chadema au chama chochote cha kwetu kiige Iowa. Kamati na vikao vya wazee vina busara ambayo umati hauna, na mtia nia mwenye fedha nyingi anahitaji mtu wa kumzuia. Ombi langu kwa wanaokaa katika vikao hivyo ni moja: mkikata jina la mwanachama aliyezunguka mikoa 15 kutafuta wadhamini, tangazeni sababu kwa maandishi, na mumpe nafasi ya kujibu kabla Mkutano Mkuu haujakaa.