Usingizi wa Mgeni: Historia ya Kelele na Kuta Katika Nakuru

Mgeni akifika kwetu hupewa maji, hupewa chakula, kisha huonyeshwa mahali pa kulala. Mambo mawili ya kwanza hupimwa kwa macho: mtungi mtupu huonekana, na sahani tupu huonekana. Jambo la tatu halionekani. Mwenyeji aweza kutandika kitanda chema, akaufunga mlango taratibu, akaenda zake akiamini kuwa wajibu wake umetimia. Kumbe amemwacha mgeni katika chumba ambamo kila kitu kina ruhusa ya kuingia isipokuwa usingizi.

Katika insha hii nataka, ewe msomaji, tuitazame historia ya jambo hilo la tatu katika mji wa Nakuru na nchi ya Bonde la Ufa inayouzunguka. Huenda ukadhani kuwa ni jambo dogo lisilostahili kuitwa historia. Hata mimi nilidhani hivyo mpaka lilipowagusa watoto wa watu niliokabidhiwa.

Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu. Mwaka mmoja niliwaongoza wanafunzi wangu 31 kwenda Nakuru kutazama mabaki ya kale ya Hyrax Hill. Tulilala katika nyumba moja ya wageni ambayo sitaitaja jina. Vyumba vilikuwa safi na shuka zilinukia sabuni. Lakini chini yetu palikuwa na ukumbi wa dansi, na kati ya chumba na chumba palikuwa na kiambaza cha mbao nyembamba, kilichopakwa rangi ili kifanane na jiwe. Hata saa tisa ya usiku maji yalikuwa yakitikisika katika bilauri kwa vishindo vya muziki. Niliposhuka kulalamika, kijana wa mapokezi alinijibu kwa upole, "Mwalimu, hata mimi nalala humu humu. Nimekwisha zoea." Asubuhi yake, tulipokuwa juu ya kilima, msichana mmoja aliyekuwa hodari kuliko wenzake alisinzia amesimama, akaanguka juu ya mawe na kuumia mkono. Jeraha lilipona upesi. Neno la yule kijana, "nimekwisha zoea," halikunitoka moyoni.

Basi na tuanzie pale pale kilimani. Hyrax Hill ni kilima cha mawe karibu na mji, nacho kilipewa jina hilo kwa sababu ya pimbi waliokuwa wakiishi katika miamba yake. Mwaka 1937 na 1938 Mary Leakey alichimba hapo, na mwaka 1943 mahali pale pakawekwa chini ya ulinzi wa sheria. Miongoni mwa mambo yanayoonekana ni mashimo mapana ya mviringo, ambayo wataalamu huyaita mashimo ya Wasirikwa, watu waliofuga ng'ombe katika nyanda hizi kabla ya Wamasai kuzitawala. Zamani wengine walidhani kuwa watu waliishi ndani ya mashimo hayo. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba shimo lilikuwa zizi la ng'ombe, na nyumba ilijengwa ubavuni mwake, mlango ukielekea zizini.

Tafakari mpango huo. Nyumba iliipa kisogo dunia ya nje na kuielekezea mifugo uso wake. Sisemi kwamba ilijengwa hivyo kwa ajili ya usingizi. Hofu ya wezi ilikuwa sababu ya kutosha. Lakini ng'ombe aliposhtuka usiku, sauti yake ilimfikia mwenye mali mara moja, kwa kuwa mlango ulielekea huko. Hapa tunapata somo la kwanza: si kila sauti ni kelele. Sauti unayoihitaji ni habari. Kelele ni sauti inayoingia bila hodi. Nyumba njema basi haimfanyi mtu kiziwi. Humpa hiari ya kuchagua atakachosikia.

Mpango wa makazi katika bonde ulibadilika kabisa reli ilipokuja. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, Nakuru mwaka 1900, na Kisumu mwaka 1901. Mwaka 1904 Nakuru ilitangazwa kuwa mji. Wasafiri walihitaji mahali pa kula na kulala, na kando ya reli, mathalani huko Voi, zikajengwa nyumba za wasafiri kwa mfano wa zile za Bara Hindi. Hoteli zilifuata, na maduka, na maghala. Wajenzi walikuwa na haraka, na reli iliwaletea kitu kilichofaa haraka yao: bati.

Bati lenye mikunjo halikubuniwa Afrika. Henry Robinson Palmer alilipatia hataza mjini London mwaka 1829. Lilikuwa jepesi kusafirisha, mchwa hawakuliweza, moto haukulishika kama nyasi, na fundi mmoja aliweza kuezeka nyumba kwa siku chache. Fadhila hizo hatuwezi kuzikana; nyumba nyingi za kwanza za miji ya reli zilikuwa za mbao na mabati. Lakini bati lina kasoro ambayo wewe mwanafunzi unaijua vizuri. Mvua ya masika inapoanguka juu ya darasa lisilo na dari, mwalimu hufungua kinywa lakini sauti yake haisikiki, hata akaweka chaki chini na kungoja. Nyasi nene huipokea mvua kama mkeka unavyopokea punje za mtama. Bati huipokea kama ngozi ya ngoma.

Pamoja na bati ikaja sauti ya reli yenyewe. Mwaka 1924 njia mpya iliyotoka Nakuru ilifika Eldoret, na mwaka 1931 garimoshi likafika Kampala. Nakuru ikawa njia panda: magarimoshi ya Kisumu na ya Uganda yaliachana hapo, na mabehewa yalitenganishwa na kuungwa usiku na mchana. Mlio wa chuma kugongana na chuma, kipenga, na pumzi za injini za mvuke vikawa sehemu ya usiku wa mji.

Je, nani aliyesikia zaidi? Hapa historia ya kelele inakuwa historia ya haki. Wakati wa ukoloni mji uligawanywa kwa rangi. Wazungu walikaa Milimani, kwenye miteremko inayoelekea Menengai, ambako nyumba zilikuwa mbalimbali, zikizungukwa na bustani na miti. Wahindi walikaa karibu na maduka yao. Waafrika walipewa mitaa ya chini, kama Bondeni na Kaloleni, na wafanyakazi wa reli walipangiwa landi: vyumba vilivyojipanga safu moja, ukuta mmoja ukitumiwa na familia mbili. Mtu wa landi aliyetoka kazi ya usiku alilala mchana huku watoto wa jirani wakicheza upande wa pili wa ukuta. Hivyo utulivu uligawanywa kama ardhi ilivyogawanywa, na wale waliofanya kazi nzito ndio waliopata fungu dogo.

Usidhani kwamba jambo hili lilizaliwa kwetu. Katika mji wa Roma, sheria ya wakati wa Julius Caesar ilizuia magari mengi ya mizigo kuingia mchana, kwa sababu njia zilijaa watu. Basi magari yakaingia usiku, na magurudumu yake yakawanyima watu usingizi. Mshairi Juvenal, aliyeishi karibu miaka 1900 iliyopita, alilalamika kuwa katika Roma usingizi ulihitaji fedha nyingi, na kwamba vyumba vya kupanga viliwaletea watu maradhi. Msafiri wa leo anayelala kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Eldoret, akisikia malori ya Uganda yakipita saa nane ya usiku, angemfahamu mshairi huyo bila mkalimani.

Sasa tuulize: ukuta huzuiaje sauti? Sauti ni mtikiso wa hewa. Ukifika ukutani huutikisa ukuta, na ukuta huitikisa hewa ya upande wa pili. Ukuta mzito ni mgumu kutikisika. Kwa hiyo jiwe hushinda ubao, na udongo mnene hushinda bati. Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Mnong'ono una kama desibeli 30, na mazungumzo ya kawaida kama 60. Usidanganywe na tarakimu hizo: kila desibeli 10 zinazoongezeka, nguvu ya sauti huzidi mara 10. Ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili, utapunguza desibeli 5 au 6 tu. Ndiyo sababu mafundi wajuzi hujenga kuta mbili nyepesi zisizogusana, zenye hewa na pamba ya kujazia katikati, badala ya kurundika mawe bila kikomo.

Lakini adui mkubwa ni tundu. Ukuta ambao sehemu moja katika mia yake iko wazi hauwezi kupunguza zaidi ya desibeli 20 hivi, ujapojengwa kwa jiwe la unene wowote. Nafasi iliyo chini ya mlango, dirisha lisilofunga sawasawa, na kiambaza kinachoishia kwenye dari huku darini kukiwa wazi kutoka chumba hadi chumba, hayo ndiyo yanayoharibu kazi ya mawe. Wako pia watu wanaotundika mapazia mazito wakidhani wamezuia kelele. Mwaka 1895 Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard alianza kuchunguza ukumbi wenye mwangwi mbaya, akiingiza mito ya viti na kupima muda wa sauti kufifia. Aligundua kwamba vitu laini humeza mwangwi ndani ya chumba. Jambo hilo ni la kweli na lina faida, walakini kumeza mwangwi wa ndani si kuzuia kelele ya nje. Kwa kelele ya nje hutakiwa uzito na kuziba matundu.

Elimu hii ina kazi kubwa leo. Sehemu ya Ziwa Nakuru ilifanywa hifadhi ya ndege mwaka 1961, na mwaka 1968 ikatangazwa mbuga ya taifa. Tangu hapo wageni wa nchi nyingi, na wenyeji pia, wamekuja kulala karibu na wanyama. Mgeni wa namna hii amesafiri mbali ili asikie usiku wa bonde: sauti ya fisi, kilio cha perere mtini, ndege kabla ya alfajiri. Akisikia badala yake jenereta, redio ya chumba cha pili na mabomba ya maji ukutani, ameuziwa kitu kingine. Anataka alichokuwa nacho mfugaji wa zamani: kisogo cha nyumba kwa kelele, na mlango kwa sauti anayoipenda. Mji nao umekua. Ulifanywa manispaa mwaka 1952, na tarehe 1 Desemba 2021 ukapewa hadhi ya jiji. Jiji lina magari, viwanda, mahali pa ibada na kumbi za starehe, na kila kimoja kina haki yake ya kuwapo.

Kwa ajili ya kupatanisha haki hizo Kenya iliweka kanuni za kudhibiti kelele mwaka 2009. Katika sehemu za makazi, kuanzia saa mbili za usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kipimo cha juu ni desibeli 35. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilishauri desibeli 30 ndani ya chumba cha kulala. Kanuni hizi ni njema. Hata hivyo kanuni haibebi mawe wala haizibi tundu la mlango. Kati ya karatasi ya sheria na sikio la mtu aliyelala kuna fundi, na kuna mwenye nyumba anayemwagiza fundi.

Huyo fundi au mwenye nyumba, ewe msomaji, huenda ukawa wewe. Kesho utajenga shule, zahanati, bweni au nyumba ya wageni. Utashawishiwa kununua rangi nzuri kwanza, maana rangi huonekana. Kumbuka kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole; ukilia kama debe, mgeni wako hatalala. Pitisha mkono chini ya mlango. Weka vyumba vya kulala mbali na jikoni na ukumbi. Weka dari chini ya bati. Wala usisahau chumba cha mtumishi, kwa kuwa yeye hulala humo kila siku, na mgeni hulala usiku mmoja.

Hilo ndilo lililonirudia kila nilipomkumbuka yule kijana wa mapokezi. Mimi nilikosa usingizi usiku mmoja, nikakasirika. Yeye aliukosa mwaka baada ya mwaka, akasema amezoea. Sikio halizoei kama moyo unavyodhani. Mwili hulipa deni lile polepole, na aliye maskini hulipa kwa riba. Mwaka uliofuata niliwapeleka wanafunzi tena Hyrax Hill, tukalala katika mabweni ya shule moja, nyuma ya kuta nene za mawe yaliyochongwa. Asubuhi walisimama ukingoni mwa shimo la Wasirikwa wakiuliza maswali mpaka jua likawa kali. Nikawaambia waangalie mlango ulielekea wapi.