Latitude haichaji au haiwaki? Kagua chaja kabla hujaambiwa "mazabodi imekufa"

Laptopu inawaka, lakini kabla Windows haijafunguka, skrini inaleta ujumbe wa Kiingereza kwamba wati na aina ya adapta hazitambuliki. Unabonyeza F3, unaendelea na kazi zako. Baadaye unashangaa: chaja imechomekwa lakini asilimia za betri hazipandi, na mashine imekuwa nzito kiasi kwamba kufungua faili dogo la Excel ni shughuli. Ukimpata fundi asiye makini utaambiwa betri imekwisha, Windows ina virusi, au mbaya zaidi, mazabodi imekufa. Kumbe tatizo linaweza kuwa kijiwaya kimoja ndani ya chaja.

Hili linawakuta sana wenye Dell Latitude za mtumba. Ni mashine imara za ofisini, lakini zinapofika kwako zimeshatumika miaka kadhaa, na mara nyingi zinauzwa na chaja yoyote iliyoingia kwenye tundu.

Kile kipini cha katikati

Chukua chaja ya Latitude kama E6430 au E7450, ile ya plagi ya duara yenye upana wa milimita 7.4, uitazame kwa mbele. Kuna kipini chembamba katikati. Wengi hudhani ndicho kinachopitisha umeme. Sivyo. Umeme unapita kwenye kuta za plagi, ya ndani na ya nje. Kipini kinabeba taarifa tu. Ndani ya chaja kuna chipu ndogo inayoiambia laptopu kama chaja hiyo ni ya wati 65, 90 au 130. Laptopu isipopata jibu, haijui ivute umeme kiasi gani bila kuiunguza chaja, kwa hiyo inajihami: inaacha kuchaji betri na inapunguza kasi ya prosesa. Ule uzito unatoka hapo, siyo kwenye virusi.

Sasa mafundi wengi hupotelea hapa. Fundi anachukua multimita, anapima, anapata volti 19.5, anakuambia "chaja nzima kabisa, shida ni bodi". Kipimo chake ni sahihi, ila amepima njia ya umeme na kuiacha njia ya taarifa. Chaja inaweza kutoa volti zote 19.5 huku waya wa kile kipini umekatika pale shingoni, karibu na plagi, unapokunjwa kila siku. Au kipini kimepinda tu.

Kuna kipimo ambacho hakihitaji kifaa chochote. Zima laptopu, iwashe, kisha gonga F2 mara kadhaa nembo ya Dell inapotokea. Ukiingia kwenye BIOS, tafuta ukurasa wa taarifa za betri. Hapo pameandikwa aina ya adapta. Ukiona wati 65 au 90, chaja imetambulika. Ukiona haijulikani, azima chaja ya mwenzako mwenye Latitude ya plagi kama yako, uanze upya. Ikitambulika, jibu umelipata: nunua chaja, basi.

Chaja mbili unazojua ni nzima zikikataliwa zote, geukia tundu la kuchajia. Kwenye E6430 tundu hilo ni kipande cha peke yake chenye waya unaochomekwa kwenye mazabodi, yaani linabadilishwa kwa bisibisi bila kulehemu chochote. Mwambie fundi aanze na hilo. Gharama yake huwezi kuilinganisha na ya mazabodi.

Kwenye BIOS hiyohiyo kuna sehemu ya kuzima onyo la adapta. Ukiizima ujumbe unapotea, lakini betri bado haichaji na kasi hairudi. Kama unanunua mashine ya mtumba, usiridhike kwa kuwa haikuleta onyo. Ingia F2 uone mwenyewe.

Ikiwa haiwaki kabisa

Anza na taa ya chaja. Chaja nyingi za Dell zina taa ndogo kwenye plagi. Ichomeke ukutani peke yake. Haiwaki? Jaribu soketi nyingine, maana ekstensheni nazo hudanganya. Inawaka ikiwa peke yake lakini inazimika ukiichomeka kwenye laptopu? Hapo kuna shoti ndani ya laptopu, kwenye tundu au kwenye bodi, na chaja inajilinda. Hapo fundi anahitajika kweli.

Taa ikibaki imewaka, chomoa chaja, flashi, mausi na kila kitu. Toa betri kama ni ya kuchomoa. Bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie sekunde 20, kuondoa umeme uliobaki ndani. Rudisha chaja pekee, washa. Baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, hatua hii huziamsha mashine nyingi zilizoonekana zimekufa.

Bado giza? Angalia taa ya betri. Latitude za miaka ya karibuni, kama 5490 na 7490, huhesabu kosa kwa rangi. Ikipepesa njano mara mbili kisha nyeupe mara tatu, laptopu haioni RAM. Chomoa RAM, safisha meno yake taratibu, irudishe mpaka ibane. Mbili kwa saba ni skrini. Mbili kwa moja ni prosesa, na hapo mjiandae kwa mazungumzo marefu na fundi.

Hiyo 7490 inachaji pia kwa USB-C. Usijaribu kuifufua kwa chaja ndogo ya simu ukadhani imekufa. Wati zake hazitoshi.

Betri ikiwa imevimba, padi ya mausi imeinuka au kava la chini halikai sawa, acha kuichaji siku hiyohiyo. Usiitoboe wala kuikandamiza irudi. Itolewe.

Ukienda kununua chaja, volti ziwe 19.5 kama ilivyoandikwa chini ya mashine, wati ziwe sawa au zaidi. Ya wati 90, yaani ampea 4.62, haitaiunguza laptopu ya wati 65, kwa kuwa laptopu huvuta inachohitaji. Nenda na laptopu yako dukani, ichomeke, ingia F2, usome wati kwenye skrini, ndipo utoe hela.