Ndoa ya Pate na Dola ya Wanabahani

Tarekhe ya Pate yasimulia kwamba katika mwaka 600 wa Hijria, yaani 1203/1204, Seleman bin Seleman Nabahani, aliyepoteza kiti chake huko Oman, alitua Pate na jamaa zake na mali nyingi. Alimpelekea mfalme wa wenyeji zawadi, kisha akamposa binti yake. Siku saba za fungate zilipokwisha, alikwenda kumwamkia mkwewe, naye akamkabidhi ufalme. Katika ndoa hiyo, yaeleza Tarekhe, ndipo ulipotoka ukoo ulioitiisha Faza na Manda, kisha sehemu kubwa ya pwani kuelekea kusini, hata kupita Kilwa.

Wanahistoria hawakuyapokea yote hayo. Mwaka 1969 Neville Chittick alizipinga tarehe za Tarekhe, akidai kuwa Pate haikuwa mji wenye uzito kabla ya karne ya 15 au ya 16. Uchimbaji uliofuata ulionyesha kuwa mji wenyewe ni mkongwe kuliko alivyodhani. Lakini dola haikuthibitika. Wareno walipofika mwaka 1498 walikuta Mombasa na Malindi zikiwa na wafalme wao, tena mahasimu.

Je, basi, ndoa hiyo ni uzushi mtupu? Kusema hivyo ni kuharakisha. Yafaa kutazama masimulizi yalinakiliwa lini. Matini yanayojulikana zaidi yalichapishwa mwanzoni mwa karne ya 20, na msimulizi wake mkuu, Bwana Kitini, alikuwa Mnabahani. Wakati huo ukoo ulikuwa umekwisha kuitoka Pate na kuhamia Witu, nao Waingereza waliichoma Witu mwaka 1890. Waliopokonywa kiti walikuwa wakieleza haki yao ya kukikalia.

La kuzingatia ni kwamba haki hiyo haikujengwa juu ya upanga wala nasaba ya Oman peke yake. Mgeni alileta jina na mali; uhalali ulitoka kwa binti wa wenyeji. Ushahidi wa lugha waelekea huko huko: Kipate kimesheheni maneno ya Kiarabu, lakini ngeli zake, vitenzi vyake na upatanisho wake wa kisarufi ni vya Kibantu. Anayeisoma Tarekhe kwa kumtafuta baba mgeni pekee huisoma nusu. Nusu ya pili ni ya mama, na ndiyo iliyokuwa na mji.