Mchakamchaka, benchi na mapigo ya moyo

Wadau, wanaosoma ualimu hasa, leo historia kidogo.

Mwaka 1943, vita kuu ya pili ikiendelea, Lucien Brouha wa Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani alitangaza kipimo cha nguvu za mwili kwa vijana wa kiume. Hakina makubwa. Unapanda na kushuka benchi la inchi 20, mara 30 kwa dakika, kwa dakika 5 au mpaka ushindwe. Halafu unakaa, na mapigo ya moyo yanahesabiwa nusu nusu dakika, mara tatu, kuanzia dakika ya kwanza ya kupumzika. Moyo wenye nguvu unatulia mapema.

Sasa Handeni na Korogwe zinaingiaje hapo? Zinaingia kwa sababu kipimo hicho kilikuja kufika kwa jirani zetu wa pwani ya Kenya. Lani Stephenson na Michael Latham (mzaliwa wa Kilosa huyu jamani, wa kwetu kabisa) pamoja na wenzao waliwapandisha benchi wavulana wa shule ya msingi waliokuwa na minyoo, ikiwemo ya safura. Wengine walipewa dozi moja ya albendazoli, wengine vidonge visivyo na dawa. Matokeo ya 1990, na ya 1993 yaliyopimwa baada ya miezi minne, yalikuwa yale yale: waliopata dawa walipanda benchi vizuri zaidi. Wakaongezeka na uzito, na hamu ya kula ikarudi.

Sababu yake ni damu. Mnyoo wa safura unanyonya damu utumboni, malaria nayo inaharibu chembe nyekundu, na huku mabondeni kwetu Tanga mtoto anaweza kuwa na vyote viwili. Damu ikipungua, oksijeni inabebwa kidogo, basi moyo unapiga haraka haraka kufidia. Mtoto anakimbia hatua chache tu tayari anahema.

Kwenye shule moja niliyofanyia mazoezi ya kufundisha, Handeni, wa mwisho kwenye mchakamchaka alikuwa anachapwa. Mvivu, basi. Hakuna aliyemshika hata mkono kuhesabu mapigo.

Mapigo peke yake hayakwambii kama ni minyoo au malaria, hilo ni la zahanati, tone la damu kidoleni kwa malaria, choo kwa minyoo. Na aliyepauka usimpandishe benchi kabisa, mhesabie akiwa amekaa, kisha mpeleke.