Kisu chenye mapengo hakijafa

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Hawakusema mwenye kisu kipya. Nataka tuitazame tofauti hiyo wiki hii, kwa kuwa mijini umeingia mtindo wa kukitupa kisu cha jikoni mara kinapopata mapengo, na kwenda dukani kununua kingine.

Ndugu msikilizaji, kisu hapa kwetu kiliwahi kuwa bidhaa ya kuvuka bahari. Kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Kristo, kinaitaja bandari ya Rhapta katika pwani ya Afrika Mashariki. Wafanyabiashara wa Muza, katika Yemen ya leo, walileta huko mikuki, mashoka na visu, wakaondoka na pembe za ndovu na magamba ya kasa. Bara nako wahunzi walikuwa kazini. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walieleza kwamba wafua chuma wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Victoria, walikuwa wakitengeneza chuma cha pua katika tanuri zao kati ya miaka 1500 na 2000 iliyopita.

Chuma kilichopatikana kwa jasho la namna hiyo hakikutupwa kwa sababu ya pengo. Kilipelekwa kwenye jiwe. Lugha yenyewe ni shahidi: katika kunoa tumepata noo na kinoo, maneno ambayo watoto wengi wa mjini hawayajui tena.

Wenzetu nao walilithamini jiwe. Katika karne hiyo hiyo ya kwanza, Pliny wa Roma aliandika kuwa kuna vinoo vya mafuta na vinoo vya maji, akavisifu vya maji vya kisiwa cha Naxos. Kwa karne nyingi kinoo kilichimbwa ardhini. Kisha mwaka 1891 Mmarekani Edward Acheson, akichoma udongo na makaa kwa nguvu ya umeme, akapata chembe ngumu zenye kukwaruza kioo. Chembe za namna hiyo ndizo zilizomo katika lile jiwe la kijivu linalouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, upande mmoja chenga, upande wa pili laini.

Kwa jiwe hilo kisu kilichoharibika hufufuka. Lilowanishe maji. Kisimamishe kisu wima juu ya upande wa chenga na usugue mpaka mapengo yaishe. Hapo kitakuwa butu kuliko mwanzo, na wengi hukata tamaa. Usikate. Kilaze, uinue mgongo wake kidogo, kama nyuzi 15 hadi 20, usugue upande mmoja mpaka uhisi ukunjo mwembamba wa chuma umejitokeza upande wa pili, toka kishikio hadi ncha. Geuza, fanya vivyo hivyo. Malizia upande laini kwa mkono mwepesi, ukunjo uondoke. Nyanya iliyoiva itakupa jibu.

Mashine ya kunolea ya umeme ina haraka, lakini haraka yake huzaa joto. Makali yakigeuka rangi ya buluu, ugumu wake umekwisha. Jiwe na maji haviunguzi kitu.

Wapo watakaosema kisu kipya ni nafuu kuliko saa nzima ya kusugua. Kwa kisu cha chuma laini kisichoshika makali, nakubaliana nao. Lakini kisu cha chuma kizuri kikienda jalalani, tunatupa pia maarifa ya karne ishirini, na nyumba isiyojua kunoa itabaki mteja wa dukani milele. Fundi anayepita mtaani na baiskeli yake ya kunolea naye hukosa riziki.

Basi kabla hujakitupa kisu chako, kipeleke kwanza kwenye jiwe. Na ukimwita mwanao aje kutazama, utakuwa umenoa vitu viwili kwa wakati mmoja.